Mwenye Duka Naye Alikufa

Filamu inaanza bila muziki. Kinachosikika ni taipureta tu. Juu ghorofani mtu ameinamia mashine yake anaandika. Chini barabarani gari linakuja taratibu kwenye jua la Los Angeles. Tunaliona gari, tunamwona dereva, lakini sauti inayotufikia ni ya herufi zikigonga karatasi. Anayeandika ni Jim Ferris. Anayekuja ni Ken Franklin, mshirika wake wa miaka mingi, na majina yao wote wawili yako kwenye jalada la kila kitabu. Ken amekuja kumuua mwenzake, wala mtazamaji halazimiki kusubiri mwisho ili alijue hilo.

Hiyo ndiyo "Murder by the Book", sehemu iliyofungua msimu wa kwanza wa Columbo, iliyorushwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 15 Septemba 1971. Iliandikwa na Steven Bochco, ambaye miaka kumi baadaye angekuwa mmoja wa waanzilishi wa Hill Street Blues, ikaongozwa na kijana wa miaka 24, Steven Spielberg, ambaye wakati huo watu wachache tu walimfahamu. Luteni Columbo mwenyewe alibuniwa na Richard Levinson na William Link, akachezwa na Peter Falk, mtu aliyepoteza jicho la kulia akiwa na miaka mitatu. Askari yule anayeona kila kitu alikuwa anaona kwa jicho moja.

Mwaka huo wa 1971 hapa Kyela hakuna ambaye angeweza kuitazama. Zanzibar walipata televisheni yao mapema katika miaka ya sabini, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Majirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, walisubiri zaidi, hadi 1999. Pande zote mbili za mto tulikuwa na redio, na kwa habari za upelelezi tulikuwa na vitabu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alikuwa amekwisha kuja na kiko chake. Willy Gamba wa Elvis Musiba akafuata baadaye na bastola yake. Aliyezoea kusoma wote wawili atamtambua luteni huyu mara moja kuwa ni wa ukoo wa Bwana Msa. Bastola haipendi. Anavaa koti la mvua lililokunjamana kama limelaliwa, na anaendesha Peugeot 403 iliyochoka. Wazee wetu waliobanana kwenye Peugeot za abiria miaka ile wangelijua gari hilo kwa mlio tu.

Mimi nimeikuta kwa kuchelewa, kama tulivyoyakuta mengi. Mpwa wangu aliileta kwenye flashi, tukaitazama sebuleni kwa shangazi, Ipinda, mchele ukiwa umeanikwa uani na kuku wakifukuzwa kila baada ya dakika chache. Shangazi hajui Kiingereza, kwa hiyo nikawa natafsiri kama walivyokuwa wakifanya kina Lufufu kwenye kanda za video, ila bila kipaji chao. Mwanzoni niliogopa kwamba atachoka. Filamu ya polisi isiyo na risasi wala mbio za magari, na ambayo muuaji anajulikana tangu mwanzo, utamu wake uko wapi? Lakini hilo la kumjua muuaji halikumsumbua hata kidogo. Alilipokea kama jambo la kawaida, na nilipofikiri baadaye niliona ana haki.

Kijijini, nani aliyeiba mara nyingi si siri kubwa. Siri ni nani atakayesema, mbele ya nani, na kwa sauti gani. Hadithi nyingi za upelelezi zimebuniwa na watu wa miji ambako jirani hamjui jirani, ndiyo maana jina la mhalifu linakuwa hazina ya kufichwa hadi ukurasa wa mwisho. Levinson na Link waliligeuza hilo. Wanatupa jina kwanza, halafu wanatuuliza: sasa mtu anayejulikana na asiyeshikika, mtamfikiaje?

Monica na Godfrey Wilson, wanaanthropolojia waliokaa na Wanyakyusa wa huku kati ya 1934 na 1938, wakati pwani hii ya Ziwa Nyasa ilikuwa bado ni sehemu ya wilaya ya Rungwe, waliandika kwamba watu waliamini kuna nguvu fulani katika manung'uniko ya majirani. Mtu akitenda ovu, akamnyima mzazi wake au akawadharau wenzake, majirani hunung'unika, na pumzi yao humwendea kama ubaridi, akaugua. Dawa yake haikuwa hospitalini. Ilimpasa akiri, awaite watu, achinje, wale pamoja, manung'uniko yatulie. Sisemi kwamba tuirudie imani hiyo. Ina upande wake wa kutisha, na watu wengi wasio na hatia wamewahi kulaumiwa kwa magonjwa ya wenzao. Wakati huohuo kulikuwa na mwafi, dawa ya kunyweshwa mshitakiwa ili tumbo lake litoe hukumu, na hakuna anayeitamani leo. Ninachosema ni kwamba watu wa hapa walijua zamani kuwa ovu linalojulikana huwa lina uzito fulani hewani, na kwamba mwenye kulitenda huanza kuusikia kabla ya kushikwa.

Luteni Columbo ndiye ubaridi huo. Anabisha hodi, anaomba radhi, anasifia nyumba, anauliza jambo dogo lisilo na maana, anaaga. Ken anapumua. Mlangoni luteni anageuka: kuna jambo moja tu limemtatiza. Kwa nini Ken, alipopigiwa simu na kuambiwa rafiki yake amepatwa na balaa, aliendesha gari kutoka San Diego badala ya kupanda ndege? Kwa nini mtu aliyekuta maiti ya rafiki yake kwenye majani mbele ya nyumba yake alipata utulivu wa kufungua barua za posta?

Shangazi alicheka alipoona luteni anageuka mlangoni. Alicheka kwa kutambua, maana hapa ndivyo mambo yanavyosemwa. Mgeni anakuja, mnasalimiana, mnaulizana habari za watoto, za shamba, za mvua, mnakula. Kilichomleta hakitajwi. Anaaga, unamsindikiza, mnafika kwenye migomba ya mwisho au pale njia inapogawanyika, na hapo ndipo anaposimama, anatazama pembeni, anasema: kuna neno nilitaka kukwambia. Posa husemwa hapo, na mikopo, na habari mbaya. Wamarekani waliuona mtindo huo kuwa kichekesho cha mtu mmoja wa ajabu. Kwetu ni adabu ya kawaida, na mtu mzima anajua kwamba kumsindikiza mgeni ni sehemu ya mazungumzo.

Sasa turudi kwenye sababu ya mauaji, maana ndani yake kuna jambo. Vitabu vya Mrs. Melville, mpelelezi wa kubuni aliyewapa wote wawili utajiri, viliandikwa na Jim peke yake. Ken alikuwa msemaji. Alikwenda kwenye mahojiano, alitabasamu, alivaa vizuri, alijua majina ya mvinyo. Jim anataka kuachana na Mrs. Melville na kuandika vitu vyake mwenyewe kwa jina lake mwenyewe, na hapo Ken anaona shimo mbele yake, kwa sababu hawezi kuandika hata mstari.

Wakulima wa hapa wanamjua Ken. Mchele wa Kyela una harufu inayotangulia sahani mezani, na kwa ajili ya harufu hiyo kuna magunia huko Dar es Salaam yaliyoandikwa Kyela ambayo hayajawahi kuvuka Mto Kiwira. Mwenye jasho yuko bondeni, matope magotini, mvua ya masika ikimpiga mgongoni, na jina lake linasafiri kwenye mzigo wa mtu mwingine. Tofauti ni kwamba gunia haliwezi kumuua mkulima siku atakapotaka kuuza kwa jina lake. Ken aliweza.

Namna alivyomuua ni ya werevu, na filamu inaustaajabia werevu huo. Anamchukua Jim hadi kwenye nyumba yake ya mapumziko kando ya ziwa, karibu na San Diego, eti wapatane. Njiani anasimama kwenye duka dogo. Jim anabaki garini. Wakishafika, Ken anamshawishi ampigie simu mkewe, Joanna, amwambie kwamba yuko ofisini mjini anamalizia kazi. Jim anaongea, na katikati ya maneno Ken anapiga risasi. Joanna anausikia mlio. Polisi wote wanakimbilia ofisini Los Angeles, mahali ambapo hapakutokea kitu.

Ndipo Columbo anatokea, na jambo la kwanza la maana analolifanya ni kupika. Anamrudisha Joanna nyumbani, anaingia jikoni mwa mtu asiyemjua, anatafuta mayai, anatafuta kikaango, anamwambia kwamba yeye si mpishi ila kimanda anakiweza. Joanna, ambaye hajui kama mumewe yu hai au amekufa, anakaa na kumtazama. Nimeiona filamu hii zaidi ya mara moja tangu siku ile, na kwangu hicho kimanda kinazidi ujanja wote uliomo ndani yake.

Aliyewahi kukaa kwenye msiba huku kwetu ataelewa. Habari ikitoka tu, kabla hata ya turubai, wanawake wamekwisha kuingia jikoni. Mmoja na kuni, mwingine na mkungu wa ndizi, mwingine na mchele kwenye ungo, mwingine na mawese. Mfiwa hapiki. Mfiwa haulizwi chumvi iko wapi; atakayeitafuta ataipata. Wanaume wanakaa nje, chini ya mwembe, na wanaanza kuhesabu nani apelekewe taarifa, nani akachimbe. Godfrey Wilson aliandika makala kuhusu maziko ya Wanyakyusa, iliyotoka 1939, na aliyaona mambo ambayo leo yamepungua: wanaume wakicheza ngoma ya vita huku wanawake wakilia, kilio na kishindo kwenye uwanja mmoja. Leo mara nyingi utasikia nyimbo za kwaya za Wamoraviani au Walutheri, ambao makanisa yao yana mizizi katika nchi hii tangu 1891. Ngoma imebadilika. Jikoni hakujabadilika sana.

Joanna hana hata mmoja wa hao. Simu imelia, mume amepotea, nyumba ni kubwa na nzuri, na hakuna shemeji, hakuna mama mkwe, hakuna mama wa jirani mwenye khanga mbili kiunoni. Luteni anafanya kazi ya majirani kwa sababu majirani hawapo. Mtu pekee anayekuja kumfariji kama rafiki wa familia ni Ken.

Najua mtu atasema: lakini huyo askari anapika huku anauliza maswali. Ni kweli. Joanna anakula, na akila anasema, na katika anayoyasema kuna lile linalomsaidia luteni kutambua nani aliandika na nani alitabasamu. Basi ni huruma au ni mbinu? Nimelipima swali hilo na sioni sababu ya kulazimisha jibu moja. Wazee wanaokaa chini ya mwembe nao huuliza: aliugua lini, alikula nini, nani alikuwa naye. Kuuliza ni namna ya kukaa na mfiwa. Kinachotofautisha huruma na mtego ni kama muulizaji angeondoka njaa ya mfiwa ikiwa palepale, na luteni haondoki mpaka mama yule amekula.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeisifu tu. Lakini kuna yule mwenye duka.

Anaitwa Lilly La Sanka. Ni mama mchangamfu anayeendesha duka pale karibu na ziwa, anauza kila kitu, anamjua Ken kwa sababu Ken hununua kwake na kwa sababu amesoma vitabu vyake. Anampenda kidogo pia, na hafichi. Siku ile Ken alipoingia dukani, yeye aliangalia nje akamwona Jim garini. Jim, ambaye polisi wanaamini kwamba wakati huo alikuwa ofisini, mbali kabisa.

Kila ufukwe una mama huyu. Nenda Matema, nenda Ngonga, nenda pale mitumbwi inaposhusha usipa alfajiri: yuko nyuma ya meza yake, ana daftari la madeni, sabuni, chumvi, vocha, dawa ya maumivu, na macho. Anajua mtumbwi gani umetoka na umetoka na nani. Anajua vyungu vya Ikombe vimefika leo au vimechelewa kwa sababu ya upepo. Hapelelezi mtu, ni kwamba amekaa hapo tangu asubuhi na njia inapita mbele yake. TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya sitini, iliwapa cheo watu wa kutazama na kujua. Mama wa duka alikuwa akiifanya kazi hiyo zamani, bila cheo.

Ken, mwerevu, hakumhesabu. Huo ndio upofu wake hasa. Alipanga simu, alipanga risasi, alipanga hata maiti airudishe Los Angeles na kuilaza mbele ya nyumba yake ili ionekane ni kazi ya majambazi. Lakini mwanamke anayemuuzia vyakula hakuingia kwenye hesabu kama mtu mwenye macho.

Lilly anakosea. Nasema hivyo bila kumung'unya, maana simtetei kwa kumpaka asali. Alikuwa na ushahidi wa uhai wa mtu uliokatwa, na kuna mjane ambaye angeweza kulala usingizi kwa neno lake moja. Badala ya kulipeleka neno hilo kwa wanaohusika, alimfuata Ken mjini, kwenye ukumbi wa maigizo, akamweleza kwa tabasamu kwamba alimwona Jim, na kwamba kunyamaza kwake kuna gharama. Alipanga bei ya kitu ambacho hakikuwa chake kukiuza.

Hata hivyo tusijifanye hatumwelewi. Ushahidi ni mzigo. Aliyewahi kuitwa mahakamani anajua: unafunga duka, unalipa nauli, unaambiwa kesi imeahirishwa, unarudi, imeahirishwa tena, na huko kijijini ndugu wa mshitakiwa wanakutazama kwa jicho la pembeni. Ukienda kuripoti unaweza kuambiwa gari halina mafuta. Wengi hunyamaza bure. Lilly alitaka alipwe kwa kunyamaza, na nadhani kulikuwa na jambo jingine zaidi ya fedha: alitaka Ken aje. Alitaka mtu maarufu akae mezani kwake. Ken anakuja kweli, usiku, na fedha na chupa ya shampeni, wanakula, anacheka naye, na anampiga kwa chupa ileile. Kisha anampakia kwenye boti, anampeleka ziwani, na kuiacha ionekane kama ajali ya maji.

Shangazi alikuwa amenyamaza. Halafu akauliza, "Huyu mama hana ndugu?"

Nikamwambia asubiri kidogo, pengine watakuja. Tukasubiri. Joanna alilia tena, Ken alidanganya tena, luteni aligeuka mlangoni tena. Hakuja mtu. Filamu ikaisha.

"Hawajamzika," akasema shangazi, na akainuka kwenda kuanua mchele.

Swali lake linanifuata kwa sababu filamu haioni kwamba kuna swali. Kwa Bochco na Spielberg, kifo cha Lilly kina kazi moja: ni ufunguo wa fumbo. Mwishoni luteni anamweleza Ken kilichomkamatisha. Mauaji ya kwanza, anasema kwa namna yake, yalikuwa ya hali ya juu. Ya pili yalikuwa ovyo. Fedha zilitolewa benki na kurudishwa, mambo yaliachwa wazi. Luteni akajiuliza inakuwaje mtu mmoja awe fundi hodari leo na kesho awe mwanagenzi. Jibu likamjia: ule ufundi wa kwanza haukuwa wake. Akaenda kuzipekua karatasi za Jim, maana Jim alikuwa na tabia ya kuandika kila wazo, na akaukuta mpango wote kwenye kipande cha karatasi: mtu anampeleka mwenzake nyumba ya mbali, anamfanya apige simu kwa mkewe na kusema yuko ofisini, risasi.

Hapo Ken anafanya jambo ambalo sijaliona vizuri hivyo kwenye filamu nyingine ya polisi. Angeweza kukana. Karatasi ile haithibitishi mengi mbele ya wakili mzuri. Lakini kiburi kinamshika. Anasema lile wazo lilikuwa lake, alimsimulia Jim miaka mingi nyuma, na lilikuwa wazo lake pekee zuri. Nani angedhani kwamba yule mwenzake angeliandika? Mtu aliyekula jasho la mwingine maisha yake yote anakiri kuua ili asinyang'anywe kitu kimoja alichokitunga mwenyewe. Kwa hilo namvulia Bochco kofia.

Lakini sikiliza kipimo kinachotumika. Mauaji mazuri, mauaji mabaya. Jim anapimwa kwa ufundi wa aliyemuua, na Lilly vivyo hivyo, na kwa kuwa yeye aliuawa kwa chupa na haraka, anapata alama ndogo. Ken anamdharau akiwa hai, filamu inamdharau akiwa amekufa, kwa ustaarabu zaidi. Hata luteni wangu mpendwa, mwenye kimanda, hana kimanda cha kumpelekea mtu yeyote kule dukani. Sebule ya Joanna ina zulia na picha ukutani, na kamera inakaa humo kwa subira. Duka la Lilly ni mahali pa kupitia.

Nimejaribu kuwaza tukio hilo likitokea huku. Mama wa duka wa Lusungo hajafungua asubuhi. Kufika saa mbili watoto waliotumwa chumvi wamerudi mikono mitupu na taarifa imeenea. Boti imeonekana inaelea. Mitumbwi ingetoka yote, wavuvi wangeacha nyavu, na wangeendelea kumtafuta hata siku zikipita, hata upepo ukivuma kutoka Milima ya Livingstone, na ziwa letu pale chini ya milima lina kina kirefu kisicho na huruma. Hakuna ambaye angeuliza kwanza kama alikuwa mwema. Wangeyasema baadaye, na wangeyasema kwa ukali, maana tunasengenya kama watu wengine: alikuwa na tamaa, alikopesha kwa riba, alijipendekeza kwa wenye magari. Wangeyasema wakiwa wamekaa kwake, wanakula wali wa msiba wake. Kumzika mtu hakumaanishi kumpa cheti cha tabia njema. Hata mwizi huzikwa na majirani, na wenye kumdai huja pia.

Na nadhani, kwa upelelezi tu, hiyo ingekuwa njia ya haraka zaidi. Kwenye matanga ndipo watu wanapokumbuka. Mmoja angesema alisikia vicheko usiku ule. Mwingine angesema aliona gari. Mtoto angesema mama alinunua nyama siku hiyo, na mama huyo huwa hanunui nyama katikati ya wiki; basi alikuwa na mgeni. Luteni alilazimika kuyaokota hayo peke yake, kimoja kimoja, kwa kuwa hapakuwa na watu waliokaa chini kumlilia marehemu.

Sitaki kutupamba kupita kiasi. Watu wanauawa huku pia, na wakati mwingine msiba hujaa watu na hakuna anayesema, na muuaji anashika sepetu pamoja na wengine. Ukaribu hufumbua na ukaribu hufumba. Lakini angalau hesabu ya wafu tunaifanya kwa vichwa. Wafu wa filamu ile ni wawili, na nikiwauliza watu waliowahi kuitazama, karibu wote wananiambia ni hadithi ya mwandishi aliyemuua mwandishi mwenzake.

Aliyemcheza Lilly alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa televisheni, Barbara Colby. Ukimtazama vizuri unaona alimpa mama yule zaidi ya alichoandikiwa: kuna mahali anamtazama Ken kwa matumaini ambayo hayapo kwenye maneno yake, na ni yeye, si hadithi, aliyemfanya shangazi aulize habari za ndugu. Mwaka 1975 nyota yake ilikuwa inapanda. Alikuwa amepata nafasi katika kipindi kipya cha vichekesho, Phyllis, na alikwisha kurekodi sehemu tatu. Tarehe 24 Julai mwaka huo, usiku, alitoka kwenye darasa la uigizaji mtaa wa Venice, Los Angeles, akiwa na mwenzake James Kiernan, wakielekea kwenye gari. Watu wawili waliwapiga risasi. Yeye alikufa palepale. Kiernan aliwahi kuwaambia polisi, kabla hajakata roho, kwamba hakuwajua waliowapiga, na kwamba hapakuwa na ugomvi wala sababu. Hawakuibiwa kitu.

Wauaji hao hawajapatikana hadi leo. Jiji ni lile lile la luteni wa koti la mvua, na wakati huo Columbo ilikuwa bado ikitengenezwa, kila msimu ikimkamata tajiri mmoja baada ya mwingine kwa jambo dogo alilolisahau. Nafasi ya Colby katika Phyllis alipewa Liz Torres, na Septemba kipindi kikaanza kurushwa kama kilivyopangwa.